Katuni ya siku ya joto: muulize mtoto jasho limekwenda wapi

Katuni za siku ya joto anazoangalia mtoto wa Tanga, Mombasa au Dar es Salaam nyingi zimechorwa mbali na kwao. Jua lina macho na mdomo. Mbwa ametoa ulimi, mvulana ananyong'onyea kama mshumaa ulioachwa dirishani, mtu anapasua yai juu ya lami na linakaangika papo hapo. Kisha inakuja gari ya ashkrimu, watoto wanaruka bwawani, wimbo unapigwa, kipindi kimekwisha. Ni dakika saba hadi kumi na moja za kuchekesha, na mtoto ataomba zirudiwe. Ukimuuliza amejifunza nini, jibu analo tayari: joto likizidi, kula ashkrimu.

Kinachokosekana humo ni jasho. Lipo kwa kuonekana tu, matone makubwa ya buluu yanayorukaruka kutoka kichwani, ila halina kazi. Limechorwa ili tujue mhusika anataabika. Mtoto anaondoka na wazo kwamba jasho ni ugonjwa wa joto, wakati ndilo tiba yake. Ni kiyoyozi pekee alichozaliwa nacho.

Hesabu yake ni hii. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi inaondoka na joto la kilojuli 2,400 hivi. Barafu ya ubuyu ya gramu 100, ile ya kwenye kijifuko, mwili hutumia kama kilojuli 49 kuiyeyusha na kuipasha mpaka ifikie joto la tumbo. Mililita 100 za jasho, chini ya nusu ya kikombe cha chai, zikikauka zinachukua kilojuli 240. Jasho linaishinda barafu karibu mara tano, tena halinunuliwi. Neno zito hapo ni "likikauka". Jasho linalochuruzika mgongoni na kudondoka sakafuni halijaondoa joto. Ni maji yaliyopotea bure, na itabidi yanywewe mengine badala yake.

Kwa hiyo katuni yoyote ya joto utakayomwekea mtoto, beba swali moja: hapa jasho lake linakauka? Swali hilo linaingia kwenye kila tukio, la ashkrimu, la bwawa, la feni, la gari lililofungwa vioo, na mtoto wa miaka sita analiweza.

Namna ya kuangalia

Mara ya kwanza iache katuni iende mpaka mwisho. Mtoto anayekatizwa kila dakika huchukia somo na katuni pia. Mara ya pili, hata kama ni kesho yake, simamisha mara tatu, si zaidi: pale mhusika anapoanza kulalamika, pale anapojaribu kitu kisichomsaidia, na pale anapopata nafuu. Mtoto wa miaka minne au mitano ajibu kwa kidole: jua liko wapi, kivuli kiko wapi, upepo unatoka wapi, maji yako wapi. Wa miaka saba hadi kumi muulize sababu. Kwa nini chini ya mti kumepoa? Akisema "kwa sababu kuna kivuli", usiridhike haraka. Mpeleke chini ya mwembe, kisha chini ya kibanda cha bati, saa nane mchana. Vyote vina kivuli. Lakini bati lisilo na dari linapigwa na jua kisha linarusha joto hilohilo chini, utosini kwa aliyekaa, wakati majani yanakinga miale huku yakitoa mvuke wa maji unaopoza hewa iliyo karibu. Mti nao una jasho lake.

Usigeuze kipindi kuwa mtihani. Mtoto akikosea, jaribio litamsahihisha kuliko wewe.

Sahihisha mapema kalenda. Katuni za Ulaya na Marekani ya Kaskazini zinaweka joto Julai na Agosti, shule zikiwa zimefungwa. Pwani yetu miezi hiyo ni ya kipupwe, watu wanatafuta shuka la pili alfajiri. Joto letu linakuja na kaskazi, Desemba hadi Machi, na Januari watoto wanarudi darasani katikati yake. Dar es Salaam mchana wa miezi hiyo hufika nyuzi joto 32 au 33 kivulini. Kwenye katuni ya jangwani namba hizo zingeonekana ndogo. Unyevu wa bahari ndio unaozifanya nzito, na tutaona kwa nini.

Jua lenyewe hupita utosini mara mbili kwa mwaka katika mji huo, siku za mwanzo za Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Simamisha kijiti cha mita moja uani siku kama hizo, wima kabisa, na baada kidogo ya saa sita mchana kivuli chake karibu hakipo. Mtoto akipime saa tatu asubuhi, saa sita na nusu, na saa tisa alasiri, aandike sentimita kwenye daftari. Anabaki na kanuni isiyohitaji saa ya mkononi: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, cheza chini ya mti. Mwongezee jambo moja ambalo kijiti hakisemi. Joto la hewa hufika kilele baada ya jua kupita utosini, kwenye saa nane au tisa, kwa sababu ardhi na kuta zinaendelea kupata moto. Wakubwa wengi wanaopanga mechi za watoto saa tisa wanadhani jua limeshapoa.

Mkono, mfuko wa mkate na soksi

Majaribio matatu yafuatayo yanataka maji na vitu vilivyomo nyumbani, na kila moja linajibu kitu ambacho katuni inakiruka.

La kwanza ni la sekunde 20. Lowanisha mkono mmoja wa mtoto mpaka kwenye kifundo, wa pili ubaki mkavu, kisha ipepee yote miwili kwa kipepeo cha ukili au jalada la daftari. Uliolowa utasikia ubaridi. Tumia maji yaliyokaa chumbani. Ukitumia ya friji umeharibu jaribio, kwa kuwa mtoto ataamini ubaridi umetoka kwenye maji, nasi tunataka aone kwamba umetoka kwenye kukauka.

La pili ndilo ninaloliona bora kuliko yote kwa mtoto wa pwani. Lowanisha mkono uleule, uingie ndani ya mfuko wa mkate mtupu, ufunge kwenye kifundo kwa kitambaa bila kubana. Subiri dakika tano. Mfuko utapata ukungu, halafu vitone. Pepea sasa: hasikii ubaridi wowote, anasikia mkono umechemka na kunata. Hewa iliyo mfukoni imeshashiba maji na haipokei mengine. Hilo ndilo fukuto. Neno analijua tangu anajifunza kuongea. Sasa ana sababu yake mkononi. Hapo unaweza kumweleza kwa nini nyuzi 32 za Dar es Salaam zinachosha kuliko nyuzi 34 za Dodoma: Dodoma hewa kavu inalinywa jasho mara linapotoka, Dar limekaa tu juu ya ngozi. Ataelewa pia kwa nini jezi ya nailoni nzito isiyopitisha hewa inamchosha kuliko singlendi ya pamba. Mfuko usifike usoni hata kwa utani, na mtoto wa chini ya miaka mitano asiachiwe kuushika peke yake.

La tatu ni la chupa mbili za nusu lita zilizojazwa maji ya ndoo moja. Moja ivishe soksi ya pamba iliyolowa, nyingine iache kama ilivyo. Ziweke kivulini penye upepo, juu ya tofali au ukingo wa dirisha. Kila dakika 20 idondoshee soksi vijiko viwili vya maji. Baada ya saa moja na nusu mimina kila chupa kwenye kikombe chake, mtoto achovye kidole huku amefumba macho na aseme ipi ni ipi. Kwenye hewa kavu tofauti inasikika wazi. Mchana wa fukuto inakuwa ndogo, na wewe usione aibu, kwa sababu hilo nalo ni jibu. Kuna kikomo ambacho kukauka hakukivuki: katika hewa ya nyuzi 34 yenye unyevu wa asilimia 30, maji yanayokauka hayashuki chini ya nyuzi 21 hivi, katika nyuzi 32 zenye unyevu wa asilimia 70, kikomo kinapanda hadi nyuzi 27.

Likishindwa kabisa, angalia haya. Soksi imekauka kabla ya wakati. Soksi ni ya nailoni, hainyonyi. Jua limehamia kwenye chupa wakati hamkuwa mkiangalia. Au umepima kwa kipimajoto cha homa: vingi vya aina hiyo havisomi chini ya nyuzi 32, kwa hiyo kitakuandikia alama ya "chini" tu kwa maji yoyote yaliyopoa. Kidole kinatosha.

Baada ya soksi, mtungi unajieleza wenyewe. Maji yanapenya udongo usiopakwa kitu, yanafika nje, yanakauka, na yaliyobaki ndani yanapoa. Mtungi unatoka jasho. Ndiyo maana unawekwa barazani penye upepo, si kwenye kona ya stoo, na ndiyo maana uliopakwa rangi ya mafuta kwa ajili ya urembo haupozi. Mtungi wa zamani nao huacha kupoza pale chumvi ya maji na uchafu vinapoziba vitundu vyake. Usugue kwa nje kwa kumbi la nazi na maji matupu, kwani sabuni inaingia kwenye udongo na kurudi kwenye maji ya kunywa. Maji yachemshwe au yatiwe dawa kabla ya kumiminwa humo, maana mtungi hauui vijidudu. Uwe na kifuniko, na kata itundikwe pembeni badala ya kuachwa ikielea ndani.

Matukio yanayorudiwa

Mbwa wa kwenye katuni amechorwa sawasawa. Jasho lake ni dogo, la kwenye nyayo, hivyo hupoza mwili kwa kuhema, maji yakikaukia ulimini na kwenye njia ya pumzi. Kuku wa uani hufanya vivyo hivyo: mwangalieni saa nane mchana, mdomo wazi, mabawa ameyatenga na mwili. Tembo hupunga masikio yaliyojaa mishipa ya damu. Mtoto wa miaka mitano anaweza kukusanya mifano ya namna hii wiki nzima bila kuchoka. Mwambie tu kwamba yeye kutoa ulimi hakutamsaidia.

Feni. Kwenye katuni mhusika hukaa mbele yake akiwa mkavu na anapata nafuu mara moja. Pangaboi halipozi hewa. Linaisogeza, linaondoa ile iliyoshiba jasho na kuleta nyingine. Linasaidia zaidi hewa ikiwa na joto la chini ya lile la ngozi, takriban nyuzi 35. Shirika la Afya Duniani linashauri feni itumike pale tu chumba kikiwa chini ya nyuzi 40, kwani juu ya hapo inakupulizia moto. Pwani hatufiki huko mara nyingi, kwa hiyo feni ni rafiki, na inakuwa rafiki zaidi ukimlowanisha mtoto shingo, mikono na miguu kwa kitambaa kabla hajakaa mbele yake. Usiku usiondoe neti kwa sababu ya joto. Ifue, vumbi huziba matundu yake, na uielekeze feni ya mezani ipulize kupitia neti.

Bwawa. Maji yanapoza kweli, hapo katuni haidanganyi, lakini inawarusha watoto majini bila mtu mzima hata mmoja kwenye picha. Simamisha hapo uulize: mkubwa yuko wapi? Mtoto asiyejua kuogelea awe umbali wa mkono wako, si wa jicho lako. Beseni la kuchezea la mtoto mdogo ni hatari pia, kwani mtoto anayetambaa anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache. Likimwagwa mara tu mchezo ukiisha unapata faida ya pili: mbu wa dengue huzaliana kwenye maji safi yaliyosimama vyomboni, na Dar es Salaam imeshaona milipuko ya ugonjwa huo, ikiwemo ya 2014 na 2019.

Yai juu ya lami ni chumvi nyingi. Ute wa yai huanza kuganda karibu na nyuzi 62, na lami mara chache hufika huko, tena yai lenyewe huipoza mara linapomwagwa. Ngozi ya mtoto, hata hivyo, huungua kirahisi zaidi kuliko yai kuiva. Bembea za chuma, mteremko wa bati wa kuchezea, kifungo cha mkanda wa gari: mfundishe aweke mgongo wa kiganja kwa sekunde tano kabla ya kukaa. Akishindwa kuhimili, asikae.

Gari ndipo ningesimamisha kwa muda mrefu kuliko kote. Familia ya kwenye katuni imekwama kwenye foleni, vioo vimepata ukungu, watu wanachekesha. Gari lililoegeshwa juani hupanda takriban nyuzi 10 ndani ya dakika 10, na kufungua kioo kidogo hakubadilishi mengi. Mwili wa mtoto hupata moto haraka kuliko wa mtu mzima kwa sababu ni mdogo na eneo lake la ngozi ni kubwa ukilinganisha na uzito wake. Pitisha swali letu: hewa haitembei, kila pumzi inaongeza unyevu, jasho halikauki. Ni mfuko wa mkate wenye viti. Milango ya gari la nyumbani ifungwe kwa ufunguo hata likiwa uani, maana watoto wanaocheza kibemasa wanalipenda. Na mtoto wa miaka minne na zaidi afanye zoezi hili gari likiwa limezimwa nawe ukiwa pembeni: ahamie kiti cha dereva, avute mpini wa mlango, ukigoma abonyeze honi bila kuachia mpaka mtu aje. Magari mengine honi hailii likiwa limezimwa. Jaribuni mjue la kwenu. Kama hailii, apige kioo na kupunga mikono.

Maji, kikombe kwa kikombe

Kwenye katuni mtu hunywa ndoo nzima kwa mkupuo. Mtoto wa miaka 4 hadi 8 anahitaji takriban vikombe vitano vya mililita 240 kwa siku ya kawaida, mbali na maji yaliyomo kwenye chakula. Wa miaka 9 hadi 13, lita 1.6 hadi 1.8. Siku ya joto kali au ya mpira huongezwa. Akicheza, wa miaka 9 hadi 12 apewe mililita 100 hadi 250 kila dakika 20, hata kama hajasema ana kiu, kwa sababu mchezo husahaulisha kiu. Kwa chini ya saa moja ya mazoezi ya kawaida maji matupu yanatosha. Madafu ni mazuri, ila yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, kwa hiyo hayafidii chumvi yote ya jasho. Andazi au chapati yenye chumvi baada ya mchezo inasaidia. Maji ya chumvi na sukari ni ya mtoto anayehara au kutapika: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote bapa. Chumvi ikizidi inamdhuru.

Kipimo cha kumfundisha mtoto ni rangi ya mkojo. Ukiwa na rangi ya majani makavu mepesi, sawa. Ukiwa wa chai ya rangi, anywe. Saa sita bila kukojoa mchana wa joto ni onyo. Na hapa kuna jambo ambalo hakuna katuni itakayolichora: wapo wanafunzi, wasichana hasa, wanaoacha kunywa maji makusudi kwa sababu choo cha shule ni kichafu, hakina mlango au kiko mbali. Chupa ikirudi nyumbani imejaa, usimgombeze. Muulize habari za choo.

Mtoto wa chini ya miezi sita hapewi maji kabisa, hata kaskazi ikiwaka. Maziwa ya mama sehemu kubwa ni maji. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi, na mama anywe. Tatizo lake kubwa huku kwetu ni kufunikwa: kofia ya sufu, soksi, shali mbili, mchana wa nyuzi 32. Mguse kisogo au kifua, si vidole. Kisogo kikiwa na unyevu wa jasho, vua nguo moja. Harara ikitoka shingoni na kwapani, mwogeshe maji ya kawaida, mkaushe, mvalishe pamba. Mafuta mazito ya mgando huziba vitundu vya jasho na kuizidisha.

Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, ndani ya kaskazi yenyewe. Mtoto anayejizoeza kufunga nusu siku ana haki ya kusifiwa, na ana haki ya kufuturishwa saa saba mchana akianza kizunguzungu, wala asione amefeli.

Nguo nitazipitia haraka. Pana, nyepesi, za pamba. Rangi nyeupe hupokea joto kidogo la jua. Weka juani vipande viwili vya barafu vinavyolingana, kimoja juu ya kitambaa cheupe na kingine juu ya cheusi, uone kipi kinayeyuka kwanza. Hata hivyo upana wa vazi una uzito wake, hivyo msichana wa baibui jeusi achaguliwe kitambaa chepesi na chenye nafasi ya hewa kupita. Mtoto mwenye ualbino anahitaji zaidi ya hapo: kofia ya ukingo mpana kuzunguka pande zote, mikono mirefu, miwani, na mafuta ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi, yakipakwa tena kila baada ya saa mbili. Mafuta ya Kilisun hutengenezwa Moshi kwa ajili ya wenye ualbino. Darasani akae mbali na dirisha linaloingiza jua, lakini karibu na ubao.

Pale kicheko kinapoisha

Katuni hugeuza kuzirai kuwa utani: nyota zinazunguka kichwani, mhusika anaanguka, sekunde mbili baadaye anakimbia. Joto halitanii. Sudan Kusini ilifunga shule Machi 2024 kwa ajili ya joto lililotabiriwa kufika nyuzi 45, ikazifunga tena Februari 2025 baada ya wanafunzi kuanguka mjini Juba.

Mtoto ajue hatua mbili na tofauti yake. Ya kwanza ni kuchoshwa na joto: jasho jingi, kichwa kinauma, kichefuchefu, miguu inalegea, pengine misuli inakaza. Anajibu maswali vizuri. Aende kivulini, alale, miguu iinuliwe kidogo, apepewe akiwa amelowa, anywe maji kwa mafunda madogo. Aliyezirai mstarini asubuhi kwa kusimama muda mrefu juani anahudumiwa hivihivi, na asiinuliwe haraka. Nafuu isipopatikana ndani ya nusu saa, apelekwe kituo cha afya.

Ya pili ni kiharusi cha joto, na alama yake ni akili. Anajibu ovyo, anayumba, hamjui mwenzake, anashikwa na degedege au anapoteza fahamu, mwili ukiwa wa moto, nyuzi 40 au zaidi. Ngozi inaweza kuwa kavu, inaweza pia kuwa na jasho. Usisubiri ikauke ndipo uamini. Hapo mtoto mwenzake ana kazi moja, kupiga kelele ya kumwita mkubwa. Mkubwa anamvua nguo, anammwagia maji mwili mzima ndoo baada ya ndoo huku mwingine akipepea bila kusimama, na mtu wa tatu anatafuta usafiri. Kupoza kunaanza palepale na kunaendelea ndani ya gari, vioo wazi. Asinyweshwe kitu kama hajitambui, maji yatakwenda mapafuni; alazwe ubavu. Panadoli haisaidii joto la aina hii na inaweza kudhuru ini. Asifunikwe blanketi kwa kudhani ni homa. Kwa kuwa maeneo yetu yana malaria, hospitali itampima hiyo pia, lakini kipimo kinafuata baada ya kupozwa.

Wafundishe watoto kuulizana maswali matatu mchezoni: unaitwa nani, tupo wapi, timu gani inaongoza. Mwenye kusita kwenye mawili atoke uwanjani.

Ukimaliza yote hayo, siku nyingine mpe mtoto karatasi iliyokunjwa visanduku sita achore katuni yake ya joto, iwe Machi, iwe mtaani kwenu, bila ashkrimu kuwa mwisho wake. Usimsaidie kuchora. Akimaliza akuelezee kila kisanduku: upepo unatoka upande gani, bati liko wapi, nani ameshika maji, mkubwa amesimama wapi. Kisha mwambie apake rangi ya buluu mahali jasho linapokauka, na nyekundu mahali linapodondoka tu. Visanduku vyenye nyekundu nyingi, mvichore upya pamoja.